Kusoma The Haunting of Hill House: fuata anayegonga mlango

Vikundi vya usomaji hapa Moshi vikiichukua riwaya hii ya Shirley Jackson, iliyotoka 1959, kikao huliwa na swali moja: nyumba ina mizimu kweli, au ni Eleanor, mhusika mkuu, anayechanganyikiwa? Nashauri swali hilo liwekwe kando. Kitabu hakilijibu, na mwandishi amehakikisha halijibiki. Cha kufuatilia ni ule mlango unaogongwa usiku.

Anza na mama. Eleanor Vance ana miaka 32, na 11 kati ya hiyo ameimaliza akimuuguza mama yake. Maisha haya tunayajua: binti asiyeolewa ndiye anayebaki na mgonjwa, na msiba ukiisha hakuna anayemuuliza yeye sasa atakwenda wapi. Eleanor anajibanza kwa dada yake. Hata gari analosafiria kwenda Hill House, nyumba ambako daktari mmoja anayechunguza mizimu amemwalika yeye na wengine wachache, ni la kuchangia, na amelichukua kimyakimya.

Katika sura ya 4 anashtuka usingizini, na maneno ya kwanza yanayomtoka ni kumwambia mama kwamba anakuja. Mama ameshakufa, anayemwita ni Theodora, mgeni mwenzake, chumba cha pili. Pigia mstari hapo. Ukipapita mbio, vishindo vinavyofuata mlangoni vitakuwa kelele tu. Kuelekea mwisho anakiri kwamba usiku aliokufa, mama aligonga ukuta, akaita na kuita, naye hakuamka. Kisha anajiuliza: au niliamka, nikalala tena? Ukifika hapo, rudi sura ya 4 uisome upya yote, na safari hii uisome kwa sauti.

Wanaolalamika kwamba mwanzoni hakuna kinachotokea huwa wameiruka safari ya sura ya 1. Ndipo Eleanor anapookota vitu vya kujidanganyia: simba wa mawe mbele ya nyumba moja, na mgahawani, mtoto wa kike anayekataa maziwa kwa sababu hayamo katika kikombe chake chenye nyota ndani. Baadaye Theodora anapomuuliza anaishi wapi, Eleanor anajibu ana nyumba yake, ina simba wa mawe, na kikombe cha nyota pia. Weka alama ndogo pembezoni kila kitu cha njiani kinapojirudia. Bila alama hizo, uongo wake utakupita, na ni uongo unaoumiza kuliko mzimu wowote.

Mbinu yenyewe ya kutisha inaonekana vizuri zaidi sura ya 5. Eleanor yuko gizani, anasikia mtoto akilia, ameung'ang'ania mkono wa Theodora. Msimulizi ni wa nafsi ya tatu, na anatuambia waziwazi kuwa mkono ni wa Theodora; tunamwamini kwa mazoea, kama tunavyowaamini wasimulizi wa aina hiyo wote. Taa inawaka, Theodora yuko kitandani kwake, mbali. Hakuna damu wala kiwiliwili. Kilichovunjika ni imani yetu kwa msimulizi, na kuanzia hapo kila sentensi yake inahitaji kupimwa: hiki kimetokea, au Eleanor ndiye anayekiona hivyo?

Kipimo kizuri ni sura ya 7. Watu wanne wanasikia nyumba ikitikiswa, huku mke wa daktari, aliyekuja mahsusi kuzungumza na roho, hasikii lolote. Andika majina ya waliosikia na wasiosikia kila tukio. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Kitabu kina sura 9. Kwa kikundi, vikao vinne vinafaa: 1 hadi 3, kisha 4 na 5, kisha 6 na 7, na 8 na 9. Cha mwisho kipeni muda mrefu, kwa sababu Eleanor anapoliendesha gari kuelekea kwenye mti anajiuliza kwa nini anafanya hivi, na kwa nini wenzake hawamzuii. Wapo watakaosema nyumba imemwachia akili dakika hiyo. Mimi nawatazama wale wenzake: siku chache tu kabla walimkaribisha kama ndugu, na asubuhi hiyo ndio waliomfungashia mizigo aondoke, wakijua fika hana pa kwenda.