Seleni si vitamini, yaya

Juzi tena, ndani ya basi la kutoka Kenya (kata yetu ya hapa Lubumbashi, si ile nchi), kijana mwenye mkoba alisimama kutuuzia vidonge. "Ba mama na ba papa, hii ni vitamini inaitwa selenium. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, magharibi kimoja." Sijui ni mara ya ngapi naisikia "vitamini" hiyo. Kwa kijana nilinyamaza, lakini hapa sinyamazi.

Seleni ni madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo sana. Hujenga baadhi ya protini zetu: nyingine hukinga seli zisichakazwe, nyingine huigeuza homoni ya tezi ya shingo ili ianze kufanya kazi. Mtu mzima hutosheka na mikrogramu 55 kwa siku, maana yake gramu moja ingemfikisha karibu miaka 50. Samaki anayo, hata thomson wa sokoni. Mayai na ini pia. Basi.

Sasa hilo neno. "Vitamini" lilitungwa na Casimir Funk, mwanakemia wa Poland, mwaka 1912. Alichukua vita, yaani uhai kwa Kilatini, akaunganisha na amini, jamii ya kemikali zenye nitrojeni, kwa kuwa alidhani vitu hivyo vyote ni vya jamii hiyo. Alikosea, vingi si amini, ila jina lilikuwa limekwisha kushika. Jambo moja halikubadilika: vitamini ni kitu kilichoundwa na kiumbe hai, na kilichoundwa hubomoka. Pika sombe, majani ya muhogo, saa nzima uone vitamini C yake imebaki ngapi.

Seleni haikuundwa na jani lolote. Ni elementi, yaani kitu cha msingi kisichovunjika kuwa vitu vingine, namba 34 kwenye jedwali la wanakemia, kama vile shaba ilivyo elementi. Maji ya kuchemshia yanaweza kuondoka na sehemu yake, lakini moto wa makala hauwezi kuigeuza ikawa kitu kingine. Jöns Jacob Berzelius aliipata Sweden mwaka 1817 katika tope lililobaki kiwandani walikotengeneza asidi ya salfa, kwa mawe yaliyotoka mgodi wa shaba wa Falun. Kwanza alidhani ni teluri, elementi iliyopewa jina la dunia kwa Kilatini, tellus. Alipogundua ni nyingine, ndugu yake tu, akaipa jina la mwezi: Selene kwa Kigiriki. Dunia na mwezi wake, mzaha mzuri wa mwanakemia.

Na sisi watu wa shaba ndio hasa tusingepaswa kubabaishwa. Sehemu kubwa ya seleni inayouzwa duniani hutoka kwenye tope linalotuama shaba inaposafishwa kwa umeme. Kule Musonoi, Kolwezi, yamepatikana mawe yenye seleni ambayo hayakuwa yamejulikana popote kabla. Moja, guilleminite, lilitangazwa mwaka 1965. Vitamini gani hiyo inayochimbwa Kolwezi?

Mtaniambia ni ubishi wa majina. Hapana. Kwa kuwa ni madini, mmea hubeba kile tu ulichokikuta udongoni. Bukari ya mahindi ya Kasenga na bukari ya unga uliovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia zinaweza kufanana sahanini na zisilingane kwa seleni. Huko Keshan, China, udongo ulikuwa na upungufu huo, na moyo wa watoto na wa akina mama ukawa unadhoofika hadi kuua. Ugonjwa wenyewe ukaitwa kwa jina la wilaya.

Tena kipimo chake ni chembamba. Vidonge vingi vina mikrogramu 200. Vitatu kwa siku ni 600, na Marekani wameweka mpaka kwenye 400. Anayezidisha muda mrefu huanza kunuka kitunguu saumu mdomoni, kucha zinakatika, nywele zinatoka. Na huku kwetu Kongo, kaskazini, watafiti waliwapa seleni watu ambao tezi zao zilikuwa dhaifu kwa kukosa iodini. Homoni ikazidi kushuka. Walichapisha onyo hilo mwaka 1991: iodini itangulie.

Nadhani namwelewa kijana wa basi. Katika mji huu ukisema "madini" mtu anaona malori na vumbi, nani atalipa ameze hiyo? Lakini yaya, chumvi unayotia kwenye lenga-lenga ni madini, na fer (chuma) wanayopewa wajawazito kliniki ni madini, na hakuna anayeogopa. Sema "madini ya chakula", watu watakuelewa. Na kabla ya kumpa mama kidonge, muulize chumvi yake ya nyumbani ina iodini.