Je, wajua kwa nini aliyeteleza kazini anaweza kumshtaki mtengenezaji wa kiatu?

Mfanyakazi anakanyaga sakafu yenye maji, anateleza na kuvunjika nyonga. Wengi watasema amshtaki mwajiri, lakini katika nchi nyingi sheria imeubana sana mlango huo. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, na nchi nyingi zikafuata mtindo huo: aliyeumia analipwa matibabu na sehemu ya mshahara bila kuthibitisha uzembe wa mtu, naye mwajiri, mara nyingi, anaepushwa na kesi. Maumivu yenyewe kwa kawaida hayalipiwi.

Mtengenezaji hayumo katika mapatano hayo. Kama kiatu kiliuzwa kwa sifa ya kutoteleza, au ngazi ilitoka kiwandani na mipira ya miguuni isiyoshika, yeye anaweza kudaiwa.

Zamani angejitetea kirahisi: "Wewe hukununua kitu kwangu." Na kweli, viatu vya kazi mara nyingi hununuliwa na mwajiri. Utetezi huo ulivunjwa Uingereza mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Mama mmoja wa Uskoti alidai kwamba soda ya tangawizi aliyokunywa ilikuwa na mabaki ya konokono. Chupa ilikuwa imenunuliwa na rafiki yake. Mwaka 1963 mahakama ya juu kabisa ya California ikaenda mbali zaidi katika kesi ya Greenman, aliyejeruhiwa na mashine ya useremala aliyonunuliwa na mkewe. Ilisema kwamba kasoro ya bidhaa ikithibitishwa kuwa ndiyo iliyomuumiza mtu, hana haja ya kuthibitisha uzembe wa kiwanda.

Kuthibitisha kasoro ndiko kwenye kazi. Wakili wa kiwanda atasema sakafu ilikuwa na mafuta, au soli ilikwisha kulika, na mara nyingine atakuwa na haki. Kwa hiyo wataalamu huleta kipimo cha pendulumu: mkono wenye kipande cha mpira unabembea, unaikwaruza sakafu, na namba inaonyesha mkono umezuiwa kiasi gani. Sakafu hupimwa ikiwa kavu, kisha ikiwa na maji. Iliyofaulu ikiwa kavu inaweza kuanguka vibaya ikilowa, na hapo ndipo nta ya sakafu isiyo na onyo kwenye kopo inapogeuka kuwa kesi.

Kesi nyingi za namna hii, kwa maoni yangu, hufia kwenye pipa la taka. Kiatu kinaoshwa au kutupwa, ngazi inatengenezwa asubuhi yake, na pamoja nayo inapotea namba ya toleo ambayo ingeonyesha ilitoka kiwanda gani. Kiatu kinapaswa kuwekwa kama kilivyo, na uchafu wake.

Mfanyakazi akishinda, asishangae bima iliyomlipa fidia ikija kudai chake. Katika sehemu nyingi inayo haki ya kurejeshewa ilichotoa, ili mtu asilipwe mara mbili kwa jeraha moja.