Ufuko uliouzoea Kivu, je, ni salama kila siku?

Wengi mjini Goma, Kongo, huamini kwamba ukingo wa Ziwa Kivu walikoogelea tangu utotoni hauwezi kuwadhuru, kwa kuwa wanaujua. Kwa sehemu ni kweli. Mwenyeji anajua jiwe lililojificha majini na mahali kina kinapoanza ghafla; mgeni huyajua hayo kwa kuumia.

Ila ufuko haukai vilevile. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 ilifika hadi ziwani ikabadilisha ukingo. Tena kuna mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini upande wa Goma na Sake, nayo yaweza kuua. Haionekani, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Saa nane mchana, upepo ukivuma, shimo lilelile laweza kuonekana halina neno.

Kabla ya kutandika mkeka, angalia chini: majani yaliyokauka mahali pamoja tu, panzi, mijusi au ndege waliokufa bila jeraha. Ukiviona, ondoka, panda mahali pa juu. Waulize wavuvi wa hapo, si rafiki aliyekuja mwaka jana. Na mtoto asilazwe bondeni, hata kama wewe ulilala hapo ukiwa mdogo.