Bei ya Kupunguza Uzito kwa Upasuaji Haiishii Chumba cha Upasuaji

Baadhi ya watu huamini kwamba upasuaji wa kupunguza uzito hulipiwa mara moja tu, mgonjwa akarudi nyumbani bila gharama nyingine. Sivyo. Bei inayotajwa kwenye simu mara nyingi ni ya siku ya upasuaji: daktari bingwa, mtaalamu wa usingizi, kitanda, na vibanio vidogo vya metali vinavyoziba sehemu iliyokatwa ya mfuko wa chakula, ambavyo hutumika mara moja na ni ghali kuliko umbo lake linavyoonyesha. Kabla ya hapo kuna vipimo vya damu, moyo na kamera ya tumboni. Baadaye, kwa kuwa katika upasuaji wa aina ya "sleeve" takriban asilimia 80 ya mfuko huo huwa imekatwa na kutolewa, mgonjwa hutumia vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu maisha yake yote, huku akipimwa damu angalau kila mwaka. Puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula ili kupunguza uzito, kama lile la Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam, si upasuaji, ingawa baadhi ya watu huvichanganya. Kwa kawaida huondolewa baada ya miezi 6 hadi 12, hivyo bei ya kuliondoa nayo iulizwe mapema.