Alama 89 za kanda na 84 za taifa hazilinganishwi

Walimu wa kwaya, naomba hili tulimalize. Kila Agosti Tamasha la Kitaifa la Muziki la Kenya likiisha, simu zinaanza kuingia. "Mwalimu, kwenye kanda tulipata 89. Taifa tumepewa 84. Wimbo ni uleule, watoto ni walewale. Huyo mwamuzi mgeni ametuangusha." Baada ya hapo yanafuata ya ukabila, ya kuhongwa, ya mtu wa chuo kikuu asiyejua kwetu watu huimbaje. Uamuzi mbovu upo, nami siutetei. Lakini ushahidi unaoletwa ni wa bure kabisa. Hizo alama tano hazithibitishi kitu.

Sisi waamuzi hujenga alama zetu ndani ya ukumbi ule, siku ile, kwa kundi lile. Kwaya ya kwanza ikipanda jukwaani asubuhi, bado sijajua siku itakuwa ya kiwango gani. Nikiipa 90, kisha ya saba ikaimba vizuri zaidi na ya kumi na tano ikaipita hiyo, nitajikuta nimezisonga zote kati ya 90 na 93, na hapo siwezi tena kuzitofautisha kwa haki. Kwa hiyo ya kwanza naiweka mahali panaponiachia nafasi juu na chini, tuseme 82, na zinazofuata nazipanga kwa kuitazama hiyo. Mwenzangu aliyeketi kwenye kanda yenu huenda alianzia 86. Debe lake na langu hayalingani, na hakuna aliyetuketisha kuyalinganisha. Mkipata 84 na wenzenu wa ukumbi huohuo wakapata 83, hapo alama zimesema jambo. Tazameni nafasi mliyoshika na pengo kati yenu na waliowatangulia, basi.

Halafu kumbukeni mmekutana na nani. Kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kutoka kaunti hadi kanda, wenye makosa makubwa wamechujwa. Mkianza wimbo wa lazima, ule unaoimbwa na kwaya zote, katika F bila ala, mkamaliza karibu na E, yaani nusu toni chini, kwenye kanda huenda mwamuzi akaandika "sauti zilishuka kidogo" akaendelea na mengine. Taifa, kwaya tatu zilizotangulia zimemaliza palepale zilipoanzia. Kushuka kulekule sasa kunaonekana, na kunagharimu. (Chanzo mara nyingi ni soprano wanaoteremka kwa hatua pana mno, na teno waliokwisha kuchoka kwa kupiga kelele ndani ya basi tangu alfajiri. Wanyamazisheni watoto njiani.)

Sasa hoja ya ugeni, maana hii ndiyo inayonichosha zaidi, na pia ndiyo yenye ukweli ndani yake.

Mwamuzi huletwa kutoka mbali ili asiwahukumu wanafunzi wake au wa jirani yake. Hilo ni sawa. Shida ni masikio anayokuja nayo. Tamasha hili lilianza mwaka 1927, enzi za ukoloni, na mafunzo ya muziki tuliyopewa wengi wetu bado yana harufu ya kinanda na nota. Mtu wa namna hiyo akisikia obokano, ile ala kubwa ya nyuzi ya Abagusii, kwa mara ya kwanza, ule mvumo mzito wa nyuzi anaweza kudhani ni ala iliyolegea. Mvumo ndio utamu wenyewe, na obokano isiyovuma ndiyo mbovu. Kwenye nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, atasikia pigo kavu chini ya nyuzi nane, atafute mpigaji ngoma asimwone, kumbe ni pete ya kidole cha mguu cha mpigaji huyohuyo inayogonga ala. Na kwenye nyimbo nyingi za kiasili waitikiaji huingia kabla kiongozi hajamaliza neno lake. Aliyezoea nyimbo za kanisani ataandika "waitikiaji waliwahi" na kukata alama, ilhali kule kuingiliana ndiko kunakousukuma wimbo mbele.

Kwa hiyo, ndiyo, mgeni anaweza kukosea, na anakosea kwa namna inayoumiza. Lakini dawa inayopendekezwa, kwamba wimbo wa jamii fulani uamuliwe na mwenyeji wa jamii hiyo, siikubali. Mwenyeji naye ana kijiji chake. Ngoma ya isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, na ilitajwa kuwa ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili zinazopakana. Mkalishe mzee wa upande mmoja aamue ngoma ya upande wa pili, usikilize atakachosema kuhusu "ile ya kweli". Mgeni asiyejua anaweza kuelezwa akaelewa. Mwenyeji aliyekwisha kuamua kuwa ya kwao ndiyo sahihi haelezeki.

Tueleweshwe vipi? Kwa ile karatasi ya maelezo mnayotupa, ambayo wengi wenu mnaiharibu. Mnaandika kwamba ngoma huchezwa wakati wa harusi, na kwamba vazi jekundu ni ishara ya ushujaa. Havinisaidii. Niandikieni nani anaongoza na anabadilisha wapi, mguu upi unabeba pigo, ala gani inatakiwa kuvuma, mwitikio unaingia kiongozi akiwa kwenye neno lipi. Mistari sita ya namna hiyo itawaokoa kuliko kurasa mbili za historia ya ukoo.

Yapo mawili ambayo hayasemwi kwenye semina za waamuzi, nami yananinyima raha. La kwanza ni zamu. Mwaka 1996 watafiti Renato Flôres na Victor Ginsburgh walichapisha uchunguzi wao kuhusu mashindano ya muziki ya Queen Elisabeth ya Brussels. Huko zamu hupangwa kwa bahati nasibu, hata hivyo waliopiga siku za mwanzo walielekea kushika nafasi za chini. Wale ni waamuzi wa kimataifa wenye muda wa kutosha. Sisi husikiliza kwaya moja baada ya nyingine kuanzia asubuhi hadi giza. Bahati nasibu haiondoi upendeleo huo, inaugawa tu.

La pili ni macho. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alionyesha kwamba watu, hata wanamuziki wa kazi, walimtambua mshindi wa mashindano vizuri zaidi kwa kutazama video isiyo na sauti kuliko kwa kusikiliza sauti peke yake. Tangu niliposoma hayo, wimbo wa lazima nausikiliza nikiwa nimeinamia nota, nikiinua uso mwishoni tu. Kwa nyimbo za kiasili hilo haliwezekani, kwa kuwa bega na mguu ni sehemu ya pigo, na kumhukumu mchezaji usiyemtazama ni kumdhulumu. Mwenzangu mmoja hupendekeza waamuzi wawili watazame na wa tatu ageuze kiti, aamue kwa sikio tu. Ningependa tulijaribu kwenye ngazi ya kaunti, tuone alama za huyo wa tatu zitaachana na zetu kwa kiasi gani.