Kumuua mhusika hakumalizi ugomvi

Katika mchezo wa kuigiza wahusika kama Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ambapo kila mchezaji hutunga mhusika wake na kumwigiza katika hadithi inayoongozwa na msimamizi, wengi huamini kwamba mhusika anayewaibia wenzake ategewe mtego afe, yaishe. Hayaishi. Mchezaji yuleyule atarudi na mhusika mpya, mwizi vilevile, na safari hii ana kinyongo.

Ugomvi ni wa watu waliokaa mezani. Msimamizi amvute mchezaji pembeni, amuulize kwa upole anatafuta nini mchezoni. Akijibu, "Mhusika wangu ndivyo alivyo," akumbushwe kwamba kamtunga mwenyewe. Wala si lazima aache wizi: awaibie maadui, na chupa ya dawa aliyomwibia mganga wa kundi lao amrudishie kabla ya pambano.