Je, Wajua Kwa Nini Injini Hula Oili Bila Kudondosha Hata Tone?

Umeegesha gari jioni, asubuhi chini ni pakavu, hakuna hata doa. Ila ukichomoa kijiti cha kupimia, oili imeshuka tena. Imeungua. Imepenya hadi ndani ya silinda, ikachomwa pamoja na petroli, ikatokea kwenye ekzosi kama moshi wa bluu.

Fundi atakwambia papo hapo kwamba ringi, vile vipete vya chuma vinavyozunguka pistoni, zimekwisha: "Tufungue injini." Huniuma kusikia hivyo, maana watu wameuza mbuzi kwa ajili ya ovahali ambayo gari halikuihitaji. Muulize kwanza: moshi unatoka wakati gani?

Mteremko wa Kapchorwa kwenda Mbale, Uganda, hulijibu swali hilo vizuri. Gari la petroli linashuka kwa gia, umeondoa mguu kwenye mafuta. Mlango wa hewa umejifunga, lakini pistoni bado zinavuta, na mvuto huo hunyonya oili kupitia sili za valvu, vile vipete vya mpira vinavyokumbatia shina la kila valvu. Sili zikikakamaa kwa joto na uzee, hupitisha. Ukifika chini na kukanyaga mafuta, wingu la bluu linaruka nyuma, kisha linakwisha. Sili hizohizo hutoa moshi asubuhi unapowasha, kwa kuwa usiku kucha oili imechuruzika polepole. Lakini moshi ukizidi kila unapokanyaga kupanda mlima, na hauishi, hapo shuku ringi.

Fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Silinda ikiwa dhaifu, amimine humo kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, apime tena. Kipimo kikipanda, ni ringi. Kikibaki palepale, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Aangalie pia valvu ndogo ya kupumulia injini, maana ikiziba husukuma oili isikotakiwa.

Wewe mwenyewe pima oili kila wiki mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika 10, uandike na kilomita. Lita 1 kwa kilomita 1,000 ni nyingi.

Halafu fungua bomba la hewa lililo baada ya filta, upitishe kidole ndani. Kikitoka na wekundu wa barabara zetu, vumbi linapita, na hata ringi mpya zitasagika.